Kurudisha Fedha na Kushika Neno

Amri ya saba ya Mungu yakataza kuiba. Kila mkatekumeni ajua jambo hilo tangu majuma ya kwanza ya mafundisho. Lakini liko swali moja linalowatatiza watu siku hizi, kwa kuwa biashara ya simu imefika hata vijijini. Mtu akiuza kitu, akapokea bei, kisha akairudisha bei badala ya kutoa kitu chenyewe, je, ametenda kosa? Yeye asema: «Sikuiba. Kila mmoja amebaki na chake.» Maneno hayo yafanana na kweli. Kwa hiyo yafaa kuyachungua polepole.

Mfano waweza kusaidia. Katika mwaka 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo (tangu Julai 1960 hata Januari 1963), zilitolewa huko sarafu za franka 1 na za franka 5. Upande mmoja zaonyesha ndizi. Upande wa pili zaonyesha msalaba wa shaba, ule ambao wazee wa Katanga waliusubu na kuutumia kama fedha kabla ya kuja kwa fedha za Wazungu. Leo sarafu hizo hazinunui hata kibiriti. Walakini wako watu, hapa Kongo na ng'ambo, wanaozitafuta na kuzihifadhi, kwa sababu ni ukumbusho wa wakati uliopita.

Basi, mwalimu mmoja wa Kalemie anayo sarafu ya franka 1, aliyoachiwa na baba yake. Kwa muda mrefu aitafuta ile ya franka 5, apate kuziweka pamoja. Siku moja aona picha yake katika simu. Muuzaji yuko Lubumbashi. Wapatana dola 20. Mwalimu atuma fedha kwa simu, na muuzaji ajibu: «Ndugu, nimezipata. Kesho naikabidhi kwa dereva wa lori.» Majuma matatu yapita. Kisha dola 20 zarudi katika simu ya mwalimu, pasipo neno hata moja. Siku mbili baadaye picha ileile yaonekana tena, na bei sasa ni dola 60.

Je, muuzaji huyu ameiba? Hapana, kwa maana fedha hakuzila. Je, hana kosa? Hilo ni jambo jingine.

Kwanza yafaa kuuliza: tangu walipopatana, sarafu ilikuwa ya nani? Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Abrahamu alivyonunua shamba na pango la Makpela kwa Efroni Mhiti, apate mahali pa kumzika Sara mkewe. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu waliokuwa langoni pa mji, na tangu hapo shamba, pango na miti yake vikawa vyake. Efroni asingaliweza kuja baada ya mwezi na kumwambia: «Twaa fedha zako, utafute pango lingine.» Sara alikuwa amekwisha kulazwa humo.

Sheria ya mapatano ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na inayotumika hata leo, yafundisha vivyo hivyo. Watu wawili wakipatana juu ya kitu na juu ya bei, uuzaji umetimia kati yao, ijapokuwa kitu hakijatolewa wala bei haijalipwa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotangazwa mwaka 1992, katika namba 2410, yafundisha kwamba ahadi zapaswa kutimizwa na mapatano kushikwa kwa uaminifu, maadamu yale yaliyoahidiwa ni ya haki. Basi, yule wa Lubumbashi haweki tena bei juu ya kitu kilicho chake peke yake. Auza mara ya pili kitu alichokwisha kumpa mwenzake kwa neno lake.

Pili, fedha na kitu si sawasawa. Muuza chumvi akirudisha fedha, mnunuzi ahamia meza ya pili sokoni na kupata chumvi ileile. Lakini kitu kinachopatikana kwa nadra hakiko meza ya pili. Mwalimu amerudishiwa dola 20, naye angali hana sarafu. Tena, kwa majuma matatu fedha zake zilikaa katika mkono wa mwingine, wala hakuweza kununulia daftari za watoto. Na ada aliyotozwa alipozituma haikurudi. Hata kwa hesabu ya fedha tu, hakurudishiwa yote.

Wazee husema: ahadi ni deni. Mtu aliyeahidi mbuzi hawezi kusema amelipa kwa kuwa hakuiba kuku. Deni la muuzaji lilikuwa sarafu.

Walakini haki yataka kumsikiliza muuzaji naye. Ziko saa ambapo kurudisha fedha ndiko kutenda haki. Huenda sarafu imepotea au imeibwa. Huenda ndugu yake aliiuza saa ileile, pasipo kujua kwamba imekwisha kuuzwa. Huenda ametambua kuwa ni ya bandia, naye aogopa Mungu, hataki kumdanganya mtu. Katika mambo hayo yote, afanye mambo matatu: arudishe upesi, arudishe yote pamoja na ada, na aseme ukweli. Mungu hamtaki mtu atoe asichoweza kukitoa. Lakini yule anyamazaye, na ilhali kitu angali nacho, ataka kufunika jambo.

Huenda tena atasema: «Thamani yake nimeijua baadaye.» Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyekufa mwaka 1274, aliandika sana juu ya kuuza na kununua. Afundisha kwamba muuzaji aweza kuhesabu katika bei hasara atakayopata yeye kwa kuachana na kitu chake. Lakini hapaswi kuongeza bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa. Kabla ya kutoa neno lake, muuzaji alikuwa huru kuuliza bei kwa wengine, kungoja, hata kukataa. Baada ya kulitoa, uvivu wake wa kuuliza si mzigo wa mwenzake. Zaburi yamsifu mtu ashikaye alichoapa hata kama chamletea hasara. Haimsifu yule ashikaye neno wakati wa faida tu.

Lakini Mtakatifu Toma amtazama mnunuzi pia. Asema kwamba mtu akiuza dhahabu huku akidhani ni madini ya bei ndogo, na mnunuzi akajua na kunyamaza, ni mnunuzi atendaye udhalimu, naye apaswa kurudisha. Jambo hilo si la mbali na mfano wetu, kwa kuwa katika mwaka 1961 sarafu ya franka 5 ya Katanga ilitolewa pia kwa dhahabu. Kama ile ya Lubumbashi ilikuwa ya dhahabu, na mwalimu aliitambua katika picha, basi muuzaji angeweza kwa haki kuyavunja mapatano, mradi aseme wazi: «Ndugu, tulikosea, hii si ya shaba.» Kwa hiyo mnunuzi naye, kabla ya kulalamika, na aipime dhamiri yake.

Sasa, mwalimu afanyeje? Bwana wetu Yezu Kristu, katika Injili ya Mateo, sura ya 18, alionyesha njia ya kumwendea ndugu aliyekosa. Kwanza ni kumwendea faraghani. Basi mwalimu na amwandikie yeye peke yake: «Ndugu, fedha zimenifikia. Sisi tulipatana juu ya sarafu. Kuna nini?» Asianze na tusi, maana huenda iko sababu asiyoijua. Asipojibiwa, achukue mtu mmoja au wawili wanaowajua wote wawili, wamsemeshe pamoja naye. Asipowasikia hao, awaendee wakubwa wa jumuiya au wa soko, awaonyeshe mapatano na tarehe zake. Asiposikia hata hao, mwalimu asifanye tena biashara naye. Aweza pia kuwaonya wengine wasije wakapatwa vivyo hivyo. Lakini aseme lile lililotukia tu, pasipo kuongeza. Akimwita mwizi mtu asiyeiba, yeye mwenyewe avunja amri ya nane.

Na jambo moja mkatekumeni alikatae kabisa: kwenda kwa mfumu ili muuzaji arogwe au alaaniwe. Mtu aliyekosa sarafu amepungukiwa na kitu kidogo. Mtu aliyekwenda kwa mfumu amemwacha Mungu kwa ajili ya kitu kidogo hicho.

Je, kusamehe ni kunyamaza? La. Mwalimu aweza kusamehe moyoni siku ileile, tena akaendelea kudai ada yake na kuuliza sababu. Kusamehe ni kuacha kisasi, si kuyaita mabaya mema. Lakini na aangalie pia kama moyo wake umefungwa mno na sarafu ile. Amri ya kumi yakataza tamaa ya mali ya wengine, na hata kitu kizuri chaweza kumwondolea mtu amani yake.

Na muuzaji afanyeje, akiguswa na dhamiri? Sarafu ikiwa ingali kwake, ampe mwalimu kwa bei waliyopatana. Ikiwa imekwisha kwenda kwa mwingine, aombe radhi, alipe ada, na atafute njia ya kumfariji mwenzake kwa hasara aliyomtia. Zakayo hakusema tu kwamba amesikitika. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Jambo hili ni dogo kwa bei, lakini lamhusu sana mtu anayejitayarisha kwa Ubatizo. Siku ile ataulizwa kama amkataa shetani na kama amwamini Mungu. Hatatoa mbuzi wala dola. Atatoa neno lake tu, na Kanisa litalipokea. Wakristu wenzake watajuaje kwamba neno hilo lina uzito, ikiwa neno alilompa jirani lavunjika kila bei inapopanda?

Azimio la juma hili: kila mkatekumeni akumbuke kama yuko mtu anayengoja kitu alichoahidiwa naye, kiwe kikubwa au kidogo. Kama aweza kukitoa, akitoe kabla ya Dominika. Kama hawezi, amwendee mtu huyo na kumwambia ukweli.