Mgeni na Jembe Lake

Katika mito ya Uskoti anaishi kome wa maji baridi anayeitwa kome wa lulu. Anaweza kufikisha zaidi ya miaka 100, nusu ya mwili amejizika kwenye changarawe, kazi yake kuvuta maji na kuyachuja. Kome mmoja mzima huweza kuchuja hadi lita 50 kwa siku. Watu walimvua sana wakitafuta lulu, na tangu 1998 sheria ya huko inakataza kumwua au kumtoa mtoni.

Kinachonigusa mimi ni utoto wake. Hawezi kuanza maisha peke yake. Lazima ajishike kwenye matamvua ya samaki mchanga, samoni au trauti, akae hapo kipindi chote cha baridi, ndipo adondoke kwenye changarawe safi. Yaani anaanza kama mgeni. Samaki wakipungua, au tope likifunika changarawe, kizazi kinakatika. Ipo mito leo yenye kome wazee tu. Ukiwahesabu utasema wapo, kumbe hawana wa kuwarithi.

Nilipowaeleza vijana wenzangu hapa kambini, mmoja akauliza: "Huyo analindwa kwa sababu anasafisha maji. Je, kama angekuwa hasafishi kitu?"

Swali hilo si la kome tu. Sisi wakimbizi pia tunatetewa hivyo hivyo: eti tunalima, tunafungua vibanda, tunachangamsha soko la wenyeji. Ni kweli. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe silikatai. Shida ni pale jembe linapogeuzwa kuwa bei ya kuishi. Yule mdogo kwenye matamvua bado hachujii mtu maji. Angedaiwa kazi kwanza, asingefika kwenye changarawe. Na mama mzee aliyelala mgonjwa, asiyeweza tena kushika mpini, naye tumpime kwa lita ngapi?

Mtu atasema msaada ni mdogo, lazima kuchagua. Sawa, lakini kuchagua nani aanze kusaidiwa si sawa na kusema nani anastahili kuishi. Haki ya kuishi inatangulia faida. Faida huja baadaye, kiumbe akishapata pa kujishika na pa kutua.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapoandika ripoti, msiishie kuhesabu walio hai. Ulizeni pia kama watoto wao wana changarawe ya kudondokea.