Mjukuu Wangu, Pikipiki Ile Iache Goma

Mjukuu wangu, keti hapa karibu nami. Mama yako ameniambia kwamba pesa ulizotoa machimboni unataka kuzipeleka Goma, ukanunue ile Honda NSR250 uliyoonyeshwa kwenye simu. Picha nimeiona. Ni nzuri, sikudanganyi. Hata mimi nilipokuwa kijana, sauti ya moteri ya mipigo miwili iliwahi kunitoa kitandani.

Lakini nisikilize kwanza. Nakuomba.

Ile pikipiki Wajapani waliitengeneza tangu miaka ya 1980 mpaka ya 1990, kwa lami yao. Inawezekana imekuzidi umri. Ina silinda 2 na nguvu za farasi 45 kwenye mwili mwepesi, na nguvu hizo haziji polepole. Mizunguko ikiwa michache imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Ikifika elfu 8 hivi kwa dakika, inaruka. Sasa niambie, gurudumu la nyuma likiamka hivyo kwenye tope la Nyabiondo, wewe utakuwa unaelekea wapi? Tumbo lake liko chini, na limevikwa plastiki. Jiwe moja la kwetu linatosha.

Mnyama asiyekula majani ya kwenu usimfuge. Pikipiki ya Boxer ikikatika mnyororo, Sake utapata mwingine, Masisi utapata mwingine. Pistoni ya hiyo yako itaombwa ng'ambo. Utangoja. Fundi wetu ni mtu hodari, lakini ile ina kompyuta ndogo inayopanga cheche, na nyundo haiongei na kompyuta.

Halafu esansi. Utainunua kwa kadhafi, muuza esansi wa barabarani, kwenye chupa, hujui imechanganywa na nini. Na juu yake itataka mafuta yake maalumu ya mipigo miwili. Siku yatakapokosekana Mpofi, najua utakachofanya: utamimina ya lori. Vijana wote hufanya hivyo.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nikuite.

Mlima hukuuliza nguvu. Mteremko hukuuliza akili. Boxer ina mafuta yake ndani ya moteri, yanazunguka muda wote. Ya mipigo miwili haiko hivyo. Mafuta ya kulainisha huingia pamoja na esansi, yanapita kwenye pistoni, kisha yanaungua. Ule moshi wa buluu ndiyo hayo. Ukifunga gazi kwenye mteremko mrefu, umefunga chakula na ulaini kwa pamoja, huku gurudumu bado linaizungusha moteri. Pistoni inapata joto, inavimba, inaishika silinda. Gurudumu la nyuma linaganda hapo hapo.

Na kwetu kuna jambo la pili. Fundi akiipangia kabureta yako hewa nyepesi ya huku Masisi, juu ya mita 1,500, kisha ukashuka nayo Walikale kwenye hewa nzito, esansi inakuwa kidogo kwa hewa inayoingia. Moteri inaungua ndani, wewe unafurahi kwamba inaenda vizuri. Inaweza kutoboa pistoni kabla hujajua kitu.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa nabeba chanjo kwa Yamaha AG100, pikipiki ya kazi, tulivu kuliko hiyo yako mara nyingi, nayo ya mipigo miwili. Tangi la mafuta ya kulainisha lilikuwa limekauka, sikuliangalia. Kosa langu. Nikiteremka na sanduku la barafu mgongoni, nilisikia mlio mwembamba, kama kisu kwenye sahani. Kisha kimya. Mkono wa kushoto ulibana ambreyaje kabla sijafikiri. Ndiyo maana leo una babu.

Mwenzangu wa kazi hakuwahi kubana. Ilikuwa mwaka ule ule, mteremko mwingine, pikipiki ya namna ile ile. Tulimtoa bondeni jioni, tukamfungia kipoyi cha mianzi, tukapokezana mabega usiku kucha kwenye utelezi. Alikuwa akituuliza kama tumefika. Tulikuwa tukimjibu kwamba tumekaribia. Alfajiri aliacha kuuliza. Kiatu chake kimoja kilibaki kule chini, na mama yake alikitafuta siku tatu.

Usiinunue, mjukuu wangu. Ukiipenda, nenda Goma uitazame, uiguse, usikie inavyolia, kisha urudi na pesa zako. Kesho asubuhi tutakwenda wote wawili kwa fundi, tuulize Boxer au TVS yenye mwili mzima. Uibebeshe ndizi, uibebeshe abiria, ikulishe wewe na mkeo utakayemwoa.

Nakuomba tena. Mabega yangu haya hayawezi tena kubeba kipoyi.