Unangoja Nini Chini ya Mwembe?

Ndugu yangu, simama hapo hapo! Weka simu chini, zima redio, nisikilize.

Simwandikii asiyewahi kusikia. Nakuandikia wewe uliyelelewa kwenye sala, uliyebatizwa ukingali mchanga, unayeimba tenzi bila kushika kitabu. Kila Jumapili unaleta familia kanisani, unaegesha pikipiki chini ya mwembe, na hapo hapo unabaki, ukizungusha funguo kidoleni mpaka ibada iishe. Mkeo yumo ndani. Wanao wamo ndani. Wewe uko nje!

Nikikuuliza, jibu lako ni lile lile: "Mchungaji, nina mashaka."

Mashaka! Sina ugomvi nayo. Tomaso alikuwa na mashaka, lakini hakwenda kuyaficha. Baada ya siku nane alikuwa chumbani na wenzake, na jibu likamkuta pale. Yupo pia asiyeamini kabisa, aliyesoma, akapima, akasema waziwazi kwamba haoni Mungu. Huyo nitaketi naye, nitakunywa naye chai, nitabishana naye mpaka usiku wa manane, na nitamheshimu, maana amelijibu swali. Wewe hujalijibu. Wewe umeligeuza swali kuwa mto wa kulalia!

(Najua, wengine tumewatoa nje sisi wenyewe, kwa mahubiri ya sadaka tupu. Lawama hiyo naipokea. Lakini haikufungii mlango.)

Mtazame Augustino! Mwafrika huyu alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Alibisha hodi kila mahali: miaka kama tisa kwa wafuasi wa Mani, kisha kwa wanaosema hakuna la hakika duniani, kisha kwenye vitabu vya wafuasi wa Plato. Mama yake, Monika, analia, anaomba, anamfuata mpaka ng'ambo ya bahari. Huko Milano akamsikia Askofu Ambrose akihubiri, na hoja zake zikamwishia moja baada ya nyingine.

Je, aligeuka siku hiyo? Hakugeuka! Tangu ujanani, kwa kukiri kwake mwenyewe, aliomba Mungu ampe usafi wa mwili, ila asimpe upesi. Akili ilishafika; miguu ndiyo iliyogoma.

Mwaka 386, bustanini, akajitupa chini ya mtini akilia, amechoka na kesho zake mwenyewe. Hapo ndipo akageuka. Pasaka ya 387 akabatizwa, mama yake akashuhudia. Kabla mwaka huo haujaisha Monika akafa Ostia, bandarini, wakiwa njiani kurudi Afrika.

Hesabu mwenyewe! Angengoja mwaka mmoja tu zaidi, mama angezikwa bila kuiona siku ile. Na wewe, mama yako ana miaka mingapi sasa?

Usiniambie kwamba walau unapenda mazungumzo ya dini. Liwali Feliksi naye aliyapenda! Kule Kaisaria alimsikiliza mfungwa wake Paulo akinena habari za haki, kiasi na hukumu ijayo, akatetemeka, kisha akamwambia aende zake, atamwita akipata nafasi. Na kweli alimwita, mara nyingi, wakaongea, huku yeye akinyemelea rushwa. Miaka miwili! Kisha akaondoka, kiti akakichukua Festo, na Paulo akaachwa kifungoni. Hakuna palipoandikwa kwamba Feliksi aliipata nafasi yake.

Amka! Acha kungoja hoja ya mwisho, acha kungoja uzee, acha kungoja msiba ndio ukuingize kanisani umebeba jeneza!

Jumapili hii zima pikipiki, tia funguo mfukoni, vuka kile kiwanja. Mashaka yakikufuata, ingia nayo. Benchi la nyuma lina nafasi, pembeni ya mwanao mdogo, yule anayegeuka kila mara kuangalia mlangoni.