Aliyelala Ni Nani?

Usingizi ni ndugu wa mauti, ndivyo tunavyoambiwa tangu utotoni. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliusogeza undugu huo hatua moja mbele. Kwa kuwa kwake nafsi ya mtu ni fahamu yake, inayofika nyuma hadi inapofika kumbukumbu, alikubali kwamba Sokrates aliye macho na Sokrates aliyelala, wasiposhiriki fahamu moja, si mtu mmoja. Nadhani hapo alikosea, kwa sababu hiyo kumbukumbu yenyewe hukomazwa saa ambazo fahamu imejitenga.

Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, daktari Hans Berger alinasa kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu. Mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi huja takriban 10 kwa sekunde. Akifumbua macho na kuangalia jambo, hufifia. Akizama katika usingizi mzito, ubongo hauzimiki: mawimbi huwa makubwa na ya taratibu, chini ya manne kwa sekunde. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za ubongo zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa akitembea zilirudia kufanya kazi pamoja alipolala. Atatokea wa kusema kwamba mawimbi ni mngurumo tu, na mngurumo hausukumi gari. Lakini mwaka 2009 watafiti nchini Ufaransa walikatiza viwimbi vya kasi vinavyozuka katika ubongo wa panya waliopumzika baada ya mazoezi, na panya hao wakachelewa kujifunza njia zao. Wenzao walipewa umeme uleule, ila nje ya viwimbi hivyo, nao wakajifunza vizuri. Mngurumo usingeleta tofauti hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kazi nisiyoijua ni ya ubongo, si yangu. Sheria ya Kiislamu inatupa njia ya kulijibu. Kalamu ya dhambi huinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke; hata hivyo deni lake halifutiki, wala ndoa yake haivunjiki kila usiku. Kuwajibika kunahitaji fahamu. Kuwa mtu yuleyule hakuhitaji. Hapa sidai kwamba roho ni umeme, kwani kipimo cha Berger huonyesha mpangilio wa kazi, hakisemi mwenye kazi ni nani. Ninachodai ni kidogo zaidi: nafsi ni pana kuliko kile inachokiona. Mwanafunzi anayekesha akidhani anajiongezea elimu humfukuza fundi kabla hajamaliza kazi, na fundi huyo si mgeni. Ni yeye mwenyewe, akiwa amelala.