Rangi ya Chatu na Dhamana ya Mfugaji

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa chatu mdogo wa Ghana na Togo hufugwa Marekani na Ulaya kwa pambo la ngozi. Yuko mweupe wa manjano, aliyekosa weusi kwa urithi wa baba na mama pamoja. Kichwa chake kimetulia, wala hatuna neno naye. Lakini yuko aitwaye buibui, mwenye michirizi myembamba, azalishwaye tangu 1999: urithi ule ule umpao pambo humtikisa kichwa, hata akamlenga panya akamkosa. Mfugaji husema, “Mbona anakula na kuzaa?” Je, kula ndiko afya? Aliyekwisha zaliwa na atunzwe. Ama kumpandisha kwa kusudi, hali yajulikana kuwa yapata nusu ya makinda yatarithi tikisiko lile, ni kwa idhini ya nani?