Jina Lako Likiwashinda Kulitamka

Maandiko: Waamuzi 12:4–6, Danieli 1:6–7, Matendo 13:9, Yohana 10:3



Swali la wiki hii ni la vijana wetu wanaofanya kazi na wageni. Wengine wako hapa Garsen na Minjila kwenye mashirika, wengine Mombasa, wengine Uarabuni. Wanauliza: mtu akishindwa na jina langu kila siku, nikasirike, ninyamaze, ama nijiite tu Sam mambo yaishe?

Anayeitwa Dhadho anaelewa swali hili. "Dh" ya kwetu si ile ya dhahabu. Inakaribia "d", ulimi ukigusa meno. Mgeni akiisoma kwa karatasi anatoa kitu kingine kabisa. Hiribae naye anakatwa katikati. Hata kabila zima: wenyewe wanajiita Wapfokomo, lakini ramani na fomu za serikali zinaandika Pokomo. Na jina si kitu kidogo. Mara nyingi ni la babu au nyanya. Likichekwa mbele ya watu kwa mkutano, ni kama ukoo wote umechekwa.

Neno la Mungu linasemaje?

Kwanza, ulimi kushindwa si dhambi. Katika Waamuzi 12, watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi". Waefraimu hawakuwa na "sh" kwa ulimi wao, wakasema "Sibolethi". Siku hizo walikufa watu 42,000. Jamani, hao walikosa nini? Dhambi ilikuwa kwa yule aliyeuliza, maana hakuuliza ili amjue mwenzake. Aliuliza ili apate sababu ya kumchinja.

Sisi wa mto Tana hatuwezi kusoma habari hiyo kama hadithi ya mbali. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, huko Riketa, Kilelengwani, Kipao na kwingine, zaidi ya watu 100 waliuawa. Wapokomo na Waorma hawakushindwa kutamka majina ya wenzao. Waliyatamka vizuri kabisa. Jina kama Jillo utalikuta upande huu na upande ule. Kwa hivyo kujua kutamka si upendo. Afadhali mgeni anayekosea jina lako huku anakutakia mema, kuliko jirani anayelitamka sawasawa huku anapanga kuchoma nyumba yako.

Pili, kukataa kujaribu ni jambo lingine. Kuna anayekuja na kusema, "Samahani, nikuite vipi ndio iwe sawa?" Huyo amekuheshimu, hata akikosea mara kumi. Na kuna anayesema, "Jina lako gumu, nitakuita John." Huyo amejipa kazi ya mzazi wako. Ndivyo mkuu wa matowashi alivyofanya Babeli: aliwapa Danieli na wenzake majina mapya bila kuwauliza.

Lakini muangalie Danieli. Kazini aliitwa Belteshaza na akafanya kazi yake vizuri. Hakusahau yeye ni nani, na mpaka leo kitabu chake tunakiita Danieli. Sauli naye alikuwa na jina la pili, Paulo, na ndilo alilotumia alipokwenda kwa mataifa. Kwa hivyo, kijana, jina fupi la kazini si dhambi. Tatizo ni ukilichukua kwa sababu unaona haya jina la baba yako. Mfundishe mwenzako kwa upole. Litamke polepole, arudie, mcheke pamoja. Akishindwa kabisa, msamehe.

Tatu, mwangalie Bwana mwenyewe. Kwa lugha ya kwao jina lake lilikuwa Yeshua. Wagiriki hawana "sh", basi Injili ilipoandikwa kwa Kigiriki sauti hiyo ikapotea, na sisi leo tunasema Yesu. Ni sauti ileile iliyowaua Waefraimu pale Yordani! Lakini Yesu hajamrudisha mtu kwa sababu ya matamshi. Anaitika kwa Kipokomo, kwa Kiorma, kwa Kiingereza, hata kwa mtoto anayeanza kuongea. Pepo nao wanatoka bila kuuliza herufi. Na Yohana 10 inatuambia Yeye anawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Hakuna anayemkosea.

Kama Bwana amekubali kuitwa na ndimi zetu zilizovunjika, je, sisi tutamnunia mgeni?

Tena tujiulize: sisi wenyewe tunawaitaje wengine? Mwalimu aliyeletwa kutoka bara tunamwita "yule Mbara" miaka mitatu. Mfugaji anayetuletea maziwa tunamwita "yule wa maziwa". Jirani Mmunyoyaya au wa Kiwardei, jina lake hata hatujawahi kuuliza. Tunalia kuwa majina yetu hayaheshimiwi, na ya wenzetu hatuyajui.

Wiki hii, kila mmoja amtafute mtu mmoja ambaye anamwona kila siku na hajui jina lake. Amuulize. Arudie mpaka mwenyewe aseme, "Eeh, hapo sawa." Kisha amtaje kwa jina hilo katika maombi.

Tuombe: Bwana, wewe uliyetujua kwa majina, tupe ulimi wa heshima na moyo usiobeba kinyongo. Kwa jina la Yesu, Amina.