Konokono wa Dimbwini na Amana ya Maji



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, huko Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, mvua za Novemba hadi Aprili hujaza mabonde maji. Kiangazi kikifika, madimbwi mengi hukauka. Katika madimbwi ya namna hiyo barani Afrika huishi konokono mdogo aitwaye Bulinus globosus. Maji yakiisha, hujificha topeni akalala miezi kadhaa bila chakula. Mvua ikirudi huamka, na hata akibaki mmoja anaweza kuzaliana peke yake. Suratu Hud, aya ya 6, inatufundisha kuwa riziki ya kila kiumbe iko kwa Mola wake. Aliyelala chini ya tope kavu naye hajasahauliwa.

Konokono huyu ndiye anayebeba vijidudu vya kichocho cha mkojo, lakini hazaliwi navyo. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na vijidudu humwingia konokono wakaongezeka. Baada ya wiki kadhaa hutoka, wakapenya ngozi ya mtoto anayeogelea, mama anayefua, mvuvi anayevuta nyavu. Matokeo yake ni kukojoa damu, na miaka ikipita, hata saratani ya kibofu.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Darasani tunalisoma katazo hili katika mlango wa tohara, tukajadiliana: je, maji yamefika kullatayni? Yamebadilika rangi, ladha au harufu? Ni maswali mema, ila hayatoshi. Maji ya ziwa yanaweza kufaa kwa udhu na bado yakamdhuru mtoto wa jirani. Sheria yetu imekataza kudhuru, si kunajisi tu.

Basi tusimlaani konokono. Yeye anafuata maumbile yake. Amana tumepewa sisi. Likizo hii turudipo nyumbani, tushirikiane kuchimba vyoo karibu na msikiti na bandari za mitumbwi. Anayekojoa damu tumpeleke kituo cha afya bila kumwaibisha, kwani dawa ya prazikwanteli inatibu. Na tumwombe imamu aieleze hadithi hii siku ya Ijumaa, kwa lugha ya wavuvi.

Allah atujaalie tuwe walinzi wa maji Yake na wa waja Wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.